David Livingstone na siku 45 baharini: imani iliyovuka Bahari ya Hindi

Wengi kati ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe, walianza safari yao majini. Waliotoka mashariki mwa Kongo waliacha mwambao wa Uvira, Baraka au Kalemie, wakapanda mashua kuelekea Kigoma, na kutoka huko wakashika njia ndefu ya kusini hadi Malawi. Ukimwuliza mmoja wao alivukaje, mara nyingi jibu hutanguliwa na jina la Mungu: Mungu ndiye aliyemvusha. Ni jibu la shukrani, lakini ndani yake mna swali zito, kwa kuwa wengi waliovuka wanamjua mtu ambaye hakufika. Ikiwa aliyefika alivushwa na Mungu, je, aliyezama tumseme vipi?

Swali hili si geni katika nchi hii. Zaidi ya miaka 160 iliyopita lilimsumbua David Livingstone, daktari na mmisionari kutoka Scotland, ambaye jina lake linajulikana kotekote Malawi. Mwaka 1864 alikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, ndani ya meli ndogo iliyoundwa kwa ajili ya Ziwa Malawi, akiwa na makaa ya mawe machache, na mabaharia ambao wengi wao walikuwa vijana wa Mto Zambezi wasiopata kuiona bahari hapo kabla. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuitazama safari hiyo, na imani aliyoabiri nayo.

Mtoto wa kiwanda cha pamba

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kijiji cha viwanda kilicho karibu na mji wa Glasgow. Mji wa Blantyre wa Malawi, ulioanzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1876, ulipewa jina la kijiji hicho kwa heshima yake. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, na usiku, baada ya kazi, alikwenda kusoma.

Baba yake, Neil Livingstone, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mtu wa dini sana. Aliliacha kanisa rasmi la Scotland, akajiunga na kanisa dogo la kujitegemea katika mji wa Hamilton. Makanisa ya namna hiyo, ambayo kila ushirika hujiongoza wenyewe bila askofu, yalikuwa warithi wa Wapuritani wa Uingereza wa karne ya 16 na ya 17. David alikulia katika mafundisho hayo, na ili kuuelewa mwenendo wake baharini ni lazima kwanza kuufahamu urithi huo.

Urithi wa Wapuritani

Wapuritani waliamini kwamba hakuna jambo linalotukia kwa bahati nasibu. Upepo ukivuma au ukitulia, mtoto akipona au akifa, yote yamo katika maongozi ya Mungu. Kwa sababu hiyo wengi wao waliandika kumbukumbu za kila siku, wakijichunguza na kuutafuta mkono wa Mungu katika mambo madogo ya maisha yao. Hakuna mahali ambapo imani hiyo ilipimwa zaidi kuliko baharini. Mwaka 1620 abiria 102, baadhi yao wakiwa wa tawi la Wapuritani lililojitenga kabisa na kanisa rasmi, walivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kwenda Marekani katika meli iliyoitwa Mayflower. Katikati ya dhoruba, boriti moja kubwa ya meli ilipasuka. Waliomba, lakini pia walichukua parafujo kubwa ya chuma waliyokuwa nayo, wakaisukuma boriti ile hadi ikarudi mahali pake, kisha wakaitegemeza kwa nguzo.

Hayo mawili, sala na parafujo, hayakupingana machoni pao. Watu wa pwani yetu husema kwamba jitihada haiondoi kudura. Mpuritani angekubali, kisha angeongeza upande wa pili: kudura nayo haiondoi jitihada. Mungu akiamua jambo, huliamua pamoja na njia yake, na njia hiyo mara nyingi ni mikono ya watu.

Livingstone aliyalegeza baadhi ya mafundisho makali ya wazee wake. Alipokuwa kijana alisumbuliwa na wazo kwamba sayansi na dini ni maadui, mpaka maandishi ya mwanachuoni wa Kiskoti, Thomas Dick, yalipomsaidia kuona kwamba vyote viwili vyaweza kukaa katika moyo mmoja. Akasomea udaktari Glasgow, akajiunga na Jumuiya ya Wamisionari ya London, na mwezi Desemba 1840 akapanda meli kuelekea Afrika Kusini. Katika safari hiyo nahodha alimfundisha kupima urefu wa nyota ili kujua mahali alipo. Elimu hiyo ndogo ya baharini ndiyo ambayo, miaka 24 baadaye, ingeshikilia uhai wa watu.

Namna alivyounganisha imani na vipimo ilionekana wazi mwezi Januari 1856, alipofika mahali Mto Luangwa unapoingia katika Zambezi. Alikuwa akilivuka bara la Afrika kutoka Luanda hadi Quelimane. Wenyeji walikuwa wamekusanya watu wenye silaha, naye aliamini kwamba kesho yake huenda akauawa. Alifikiri kuvuka kwa siri usiku, kisha akaisoma ahadi ya Kristo mwishoni mwa Injili ya Mathayo, ya kuwa pamoja na wanafunzi wake siku zote, akaona si haki kwake kutoroka. Jioni hiyo alikusudia kupima nyota kama kawaida, ili mahali hapo pajulikane katika ramani hata kama vipimo hivyo vingekuwa vya mwisho. Asubuhi alivuka salama.

Meli kwa ajili ya ziwa

Mwaka 1858 Livingstone alirudi Afrika akiwa kiongozi wa msafara wa serikali ya Uingereza katika Mto Zambezi. Alitaka kufungua njia ya biashara halali ambayo, kwa maoni yake, ingeiua biashara ya watumwa. Maporomoko ya Kebrabasa yakamfungia njia, naye akageukia Mto Shire. Mwezi Septemba 1859 alifika Ziwa Malawi.

Alichokiona huko kiliuamsha mpango mpya. Mashua zilikuwa zikivusha watumwa kutoka upande wa magharibi wa ziwa, na kutoka ng'ambo ya pili misafara iliwaswaga hadi bandari za pwani. Kituo kimojawapo kikubwa kilikuwa Nkhotakota, makao ya Jumbe, mtawala mwenye asili ya pwani. Livingstone alipita hapo mwaka 1861 na tena mwaka 1863. Yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hakikuingia Malawi kwa mara ya kwanza pamoja na wakimbizi wa miaka ya 1990. Kilishasemwa kwenye mwambao huo zamani zile, kwa kheri na kwa shari.

Livingstone aliamini kwamba meli moja yenye silaha na bidhaa, ikielea juu ya ziwa hilo, ingeweza kuvunja biashara ile. Akaagiza meli iundwe Uingereza kwa vipande, ili ibebwe kwa miguu kuyapita maporomoko ya Shire. Iliitwa Lady Nyassa. Ilimgharimu takriban pauni 6,000, nyingi zikiwa fedha alizopata kwa kitabu chake cha kwanza, yaani urithi wa watoto wake.

Mto uliochukua wafu

Yaliyofuata yaliipiga imani yake mapigo mfululizo. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za juu za Shire, yeye na wamisionari wa Kianglikana walikutana na msafara wa watumwa. Waliwafungua watu 84, miongoni mwao watoto wawili walioitwa Chuma na Wikatani. Watu hao wakawa mwanzo wa misheni ya Magomero. Lakini tarehe 31 Januari 1862 Askofu Charles Mackenzie, kiongozi wa misheni hiyo, alifariki kwa homa baada ya mtumbwi wake kupinduka na dawa kupotea. Tarehe 27 Aprili mwaka huohuo mke wa Livingstone, Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat, alifariki Shupanga, kando ya Zambezi, akiwa amekaa na mumewe kwa miezi michache tu.

Kisha ikaja njaa. Ukame na uvamizi wa wawinda-watumwa viliharibu bonde la Shire. Meli ilipopanda mto mwanzoni mwa mwaka 1863, maiti zilikuwa zikielea, na asubuhi mabaharia walilazimika kuziondoa kwenye makasia ya meli. Livingstone alifahamu jambo lililomuumiza zaidi: baadhi ya wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wamefuata njia alizozifungua yeye. Mtu aliyeamini kwamba Mungu alimtuma kufungua milango, sasa aliona ni nani wanaoingia kwa milango hiyo.

Mwezi Julai 1863 ikafika barua ya serikali ya Uingereza ya kuurudisha msafara nyumbani. Lady Nyassa haikupata kuelea katika ziwa iliyoundiwa. Misheni nayo ikaamua kuondoka bonde la Shire. Livingstone alikataa kuwaacha nyuma yatima wapatao 30 na wajane kadhaa wa Magomero, akawateremsha mtoni pamoja naye.

Siku 45 baharini

Mwezi Februari 1864 Lady Nyassa ilivutwa na manowari ya Uingereza kutoka mdomo wa Zambezi hadi Msumbiji. Njiani iliwapata tufani kali, na chombo kile kidogo kikanusurika kwa shida. Livingstone alikataa kuhamia katika manowari, akabaki na watu wake.

Alipofika Zanzibar alitaka kuiuza meli, lakini hakupata bei ya haki. Wanunuzi wengine walikuwapo kwenye pwani hiyo, ila alijua wangeitumia kubebea watumwa. Aliona heri meli izame katika Bahari ya Hindi kuliko kuifanya kazi hiyo. Soko lililobaki lilikuwa Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, umbali wa maili zipatazo 2,500.

Mtu yeyote wa pwani angemweleza kwamba amechelewa. Majahazi huenda Bara Hindi kwa kusi, lakini lazima yawahi kufika kabla pepo hizo hazijakomaa mwezi Juni. Lady Nyassa ilikuwa chombo cha mto na ziwa, kifupi na chepesi mbele ya mawimbi ya bahari kuu. Makaa ya mawe yaliyokuwamo yalikuwa tani 14 tu, yasiyotosha hata sehemu ndogo ya safari. Hapakuwa na nahodha wa kuajiriwa: Livingstone mwenyewe alishika nafasi hiyo. Pamoja naye walikuwamo Wazungu watatu, Waafrika saba kutoka Zambezi, wakiwamo Susi na Amoda, na wale watoto wawili, Chuma na Wikatani.

Waling'oa nanga Zanzibar tarehe 30 Aprili 1864. Mwanzoni walifuata pwani ya Afrika kuelekea kaskazini, wakisaidiwa na mkondo wa maji. Kisha bahari ikatulia. Kwa siku zinazokaribia 25, zikihesabiwa pamoja, hapakuwa na upepo wa kutosha kujaza tanga. Makaa yaliwekwa akiba kwa ajili ya hatari, na maji ya kunywa yakapimwa. Baadhi ya Wazungu waliugua kwa muda mrefu, na kazi ikawaangukia vijana wa Zambezi. Hao ambao wiki chache zilizopita hawakuijua bahari, walijifunza kupanda mlingoti, kukunja na kukunjua matanga, na kushika usukani kwa zamu. Nahodha alipima jua na nyota, akaweka alama juu ya ramani, akangoja.

Katika siku hizo za shwari Livingstone aliandika maneno ya huzuni katika kitabu chake cha kumbukumbu. Alijiuliza kama kazi yake yote ilikuwa bure, na kama angekatwa kabla ya kulitendea bara la Afrika jambo lolote la kudumu. Alikiri kwamba hakuwa mtumishi mwaminifu kama ilivyompasa, akamwomba Mungu, kama angemhifadhi, amfungulie njia nyingine. Hakudai kwamba angefika, wala hakuandika kana kwamba Mungu ana deni kwake. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya imani aliyorithi na imani ya hirizi. Kwake, maongozi ya Mungu hayakuwa ahadi kwamba chombo hakitazama. Yalikuwa ni hakika kwamba, kizame kisizame, kazi ya leo ina maana na lazima ifanywe.

Tarehe 13 Juni, baada ya siku 45, Lady Nyassa iliingia bandari ya Bombay wakati pepo kali zilipokuwa zikikaribia. Meli ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyeshughulika kuitazama.

Baada ya Bombay

Aliyesoma kisa hiki kwa haraka atasema kwamba imani ililipwa. Historia si nyepesi namna hiyo. Meli iliuzwa baadaye kwa pauni 2,300, chini ya nusu ya gharama yake, na benki ya India zilikowekwa fedha hizo ikaanguka. Kwa hesabu ya duniani, safari ile ya hatari haikuleta chochote.

Kilichobaki ni watu. Chuma na Wikatani waliachwa katika shule ya mmisionari John Wilson huko Bombay, na Susi na Amoda wakapata kazi bandarini. Livingstone aliporejea Afrika mwaka 1866, wote wanne waliungana naye tena. Wikatani aliwapata jamaa zake kusini mwa Ziwa Malawi, akabaki huko. Wengine watatu waliendelea. Mwezi Januari 1867 sanduku la dawa liliibwa na wachukuzi waliotoroka. Livingstone aliandika kwamba alijisikia kama mtu aliyehukumiwa kufa, lakini akajitahidi kuamini kwamba hata hilo laweza kugeuzwa na Mungu kuwa heri. Haikuwa hivyo kwa afya yake. Alidhoofika mwaka hata mwaka, hata baada ya Henry Morton Stanley kumkuta Ujiji mwaka 1871 na kumpatia mahitaji.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko, wakasaidia kuandaa kumbukumbu zake za mwisho kwa ajili ya kuchapishwa. Chuma, mtoto aliyefunguliwa katika ardhi ya Malawi ya leo, akawa kiongozi mashuhuri wa misafara, akafariki Zanzibar mwaka 1882. Susi naye alifariki huko mwaka 1891.

Swali lililobaki

Livingstone alikuwa na kasoro nyingi. Aligombana na wenzake, alikadiria mambo kwa matumaini kupita kiasi, na njia alizoziandika katika ramani zilitumiwa baadaye na watawala wa kikoloni. Hata hivyo, kwa habari ya swali tuliloanza nalo, maisha yake yana jambo la kutufaa.

Hakuwahi kueleza kwa nini yeye alivuka Bahari ya Hindi, ilhali Mary na Mackenzie walikufa kando ya mto. Hakuandika kwamba wale walioelea katika Shire walipungukiwa na imani. Walipokufa alilia, aliwazika aliowaweza, na jambo lililokuwa mikononi mwake alilifanya: aliwateremsha yatima, alikataa kuwauzia meli wafanyabiashara wa watumwa, alipima nyota. Na pale nguvu zake zilipokwisha, waliomaliza safari ni wale waliojifunza kazi ya matanga chini yake.

Jina la Dzaleka latokana na neno la Kichewa lenye maana ya kuacha. Palikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, na jina hilo lilikuwa onyo kwa mfungwa asirudie. Leo wanaishi hapo zaidi ya watu 50,000, wengi zaidi ya idadi iliyokusudiwa, nao wangali wanangoja: kibali, barua, upepo. Aliyevuka anayo haki ya kumshukuru Mungu. Kumbukumbu ya Lady Nyassa yatukumbusha tu kwamba shukrani hiyo haimhukumu aliyezama, na kwamba katika siku za shwari, tanga halijajaa, lipo bado zamu la kushika usukani.